Nati za Gurudumu la Nne

"Hiyo si kufunga nati, hiyo ni kumpiga mtu teke," alisema Gia Tano, na sauti yake ilikuwa imeshapanda mpaka mshona viatu wa ng'ambo ya barabara akaacha sindano inaning'inia. "Nimekwambia mara ngapi usikanyage spana kwenye gari langu? Mara ngapi, Fundi?"

Fundi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya mpini wa wili spana, ile ya kufungia magurudumu, mikono ameishikiza kwenye bodi ya gari, anajirusharusha kama mtu anayejaribu kitanda dukani. Mwili wake ulikuwa wa kilo mia na ushei. Nati ikalia kwii.

"Nati iliyokanyagwa haitoki," Fundi alijibu bila kushuka. "Nimefunga malori ya saruji miaka ishirini na tatu. Hakuna gurudumu langu lililowahi kwenda matembezi peke yake."

"Lori ni lori. Hii ni hachibeki, kigari. Studi zake, hizo zinazoshika nati, nyembamba kama kidole cha mtoto. Leo unazivuta, kesho zinakatika."

"Basi ungenunua lori."

Waliokuwa wakisubiri magari yao wakacheka. Gia Tano hakucheka. Aliinama akaokota kopo lililokuwa limefunguliwa karibu na gurudumu, akachovya kidole, akakisugua kidole hicho na cha pili.

"Na hii ndiyo oili uliyotaka kuninywesha?"

"Gari lako ndilo linalokunywa, si wewe. Hiyo oili nzito inalinda injini."

"Inalinda injini ya tingatinga. Turbo ya gari hili inazunguka mara elfu mia kwa dakika moja, Fundi. Inataka oili nyepesi, inayokimbia. Ukiimwagia uji huu inakauka koo, inakufa. Oili yake nimekuletea, hii hapa, na maandishi yake hayo. Au miwani umemwachia mkeo?"

"Mke wangu mwache nyumbani."

"Namwachaje, na wewe unafanya kazi kama aliyefukuzwa kitandani?"

Hapo Fundi akashuka kwenye spana. Gia Tano, ambaye mdomo wake siku zote ulimtangulia hatua mbili, akaona amechelewa, basi akaona bora amalizie kabisa: akaliinua lile kopo na kuimwaga oili yote juu ya viatu vya Fundi. Fundi akamkamata ukosi kwa mkono mmoja, akamwinua, akambamiza kwenye nguzo ya gereji mpaka vumbi la bati likawamwagikia wote wawili. Kisogo cha Gia Tano kikagonga mara ya kwanza. Kikagonga mara ya pili.

"Mimi si ng'ombe wako wa buchani," Fundi alisema polepole. "Hupandi juu yangu na kisu. Chukua gari lako, oili yako mwage mwenyewe." Akamwachia, akautupa ufunguo kwenye dimbwi la maji machafu.

Gia Tano aliuokota, akaufuta kwa shati. Kisha, mbele ya watu wale wale waliomcheka, akafunua boneti akamimina oili yake mwenyewe taratibu, akachomoa ufito wa kupimia, akaufuta, akaurudisha, akauchomoa tena. Huku damu inamchuruzika kisogoni. Alipomaliza aliwasha gari, akangoja injini itulie, ndipo akaondoka.

Mtu angeuliza, kama Fundi alimkera hivyo, kwa nini asiende kwingine. Gereji zilikuwa tele. Lakini Fundi alikuwa na masikio. Alikuwa anaweza kuegemeza bisibisi kwenye injini, ncha ya mpini ikiwa sikioni, akakwambia ni beringi ipi inayolia na imebakiza wiki ngapi. Gia Tano alikuwa ametukanana na mafundi wanne kabla yake, mmoja akampiga na betri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na masikio yale. Kwa hiyo kila baada ya kilomita elfu tano alirudi, na kila alipopeleka gari lake kwa servisi waligombana, na watu wakajua.

Gia Tano mwenyewe alikuwa muuza nyama. Bucha yake ilikuwa na vigae vyeupe, ndoano sita, gogo la kukatia lililolika katikati kama kiti cha mtu mnene, na mizani aliyoifuta kila asubuhi kabla ya kuufuta uso wake. Jina la Gia Tano alipewa na watu, ingawa gari lenyewe lilikuwa na gia sita na mji mzima ulikuwa na nusu kilomita tu ya barabara inayoruhusu hata ile ya nne. Gari lilikuwa jekundu, dogo, milango miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na chini ya boneti turbo ndogo iliyokuwa inavuta pumzi kama paka aliyekanyagwa mkia. Ukivilaza viti vya nyuma ungeweza kupakia nusu ya ng'ombe. Hakuna mfupa mmoja uliowahi kuingia mle. Nyama aliibeba kwa mkokoteni.

Alikuwa na maneno yake kuhusu magari hayo, na aliyasema huku anakata, shoka linashuka kila penye nukta. Gari la aina hii usilinunue kwa mtu aliyelifungia bomba la moshi la kelele. Mtu anayetaka asikike hajali kitu kingine. Lala chini, tazama upande wa ndani wa matairi, ndiko uongo unakojificha. Belti ya taimingi haihesabiwi kwa kilomita peke yake, inahesabiwa kwa miaka, maana mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Asubuhi usilikimbize kabla halijapata joto, na ukitoka kulikimbiza usilizime ghafla. Liache lingurume, hesabu mpaka mia, turbo ipoe, ndipo uchomoe ufunguo. Breki zinaliwa haraka, basi zilishe. Matairi ni viganja vinne tu vinavyoshika dunia, na mtu anayebania matairi kwenye gari la kasi anajichimbia. Kama huwezi kulihudumia, panda baiskeli.

"Na mke je?" wateja walimuuliza.

"Mke alijihudumia mwenyewe, akaondoka."

Ni kweli aliondoka. Alisema amechoka kusikia mume anahesabu mpaka mia nje ya mlango wakati chakula kinapoa.

Hasira hakuinunua, aliirithi. Baba yake alikuwa dereva wa gari la maji, na kila belti ya feni iliyochakaa kwenye gari lile ilihamia nyuma ya mlango wa chumba, ikatundikwa msumarini, ikawa ya watoto. Alipiga kwanza, akauliza baadaye, na mara nyingi hakukumbuka kuuliza. Dada yake Gia Tano, mkubwa kwake kwa miaka saba, alikula nusu ya mapigo yaliyokuwa ya mdogo wake. Alikuwa anamlalia juu. Hata sasa, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, bega lake la kushoto lilikuwa na alama kama njia ya reli. Alishona nguo kwenye baraza lililopakana na bucha, na alikuwa mtu pekee duniani aliyepewa ufunguo wa lile gari bila maswali.

Gia Tano naye alikuwa mwepesi wa mkono. Kuna kijana alilisugua gari lile kwa steliwaya ya sufuria, akatoka na pua iliyokaa upande. Kuna jirani aliliegemea na mkanda wenye bizimu ya chuma. Huyo alibahatika, alikula ngumi moja tu.

Sasa, alikuwa na tabia moja ambayo hakuna mwingine mjini aliyekuwa nayo. Kwa kuwa hakuuamini mguu wa Fundi, kila akitoka gereji alilipeleka gari uani kwake na kuzirudia nati zote mwenyewe. Analegeza nati zote tano, anainua gurudumu kidogo kwa jeki, anazirudisha kwa vidole, anashusha jeki, kisha anazikaza kwa spana yake ya kipimo, ile inayolia tak mkono ukifikia nguvu inayotakiwa, si zaidi wala pungufu. Akimaliza anachukua chaki ya mshonaji, ya dada yake, anapiga mstari mweupe kwenye kila nati. Mstari maana yake: hii imelia tak.

Siku ile ya oili alifanya hivyo hivyo, kisogo kinampwita. Dada alimkalia bucha. Magurudumu mawili ya nyuma yakalia, yakapata chaki. La mbele kulia likalia, likapata chaki. Akahamia la mbele kushoto, akalegeza, akarudisha kwa vidole, akashusha jeki. Ndipo dada akatokeza mlangoni na tepu yake shingoni.

"We bwana, njoo. Kuna mtu anataka kuvunja mizani yako."

Alikuwa mteja wa asubuhi, mpiga rangi wa nyumba, amerudi na furushi la nyama akidai kauziwa mifupa mitupu. Alikuwa analipiga furushi kwenye kaunta, damu ikiruka mpaka kwenye vigae.

"Wewe unauza makaburi," mpiga rangi alisema alipomwona. "Nyama umekula na kigari chako."

Gia Tano hakuzunguka kaunta, aliiruka. Alimpiga kichwa cha pua kabla miguu haijatua. Mpiga rangi akamng'ata sikio, akaning'inia nalo, wakaangukia kwenye ndoo ya matumbo, wakagaragara humo wakitafutana macho kwa vidole. Mkono wa Gia Tano ulikuwa unapapasa juu ya gogo, unalitafuta shoka, dada alipowamwagia ndoo ya maji ya kuoshea na kumkanyaga mdogo wake kifundo cha mkono.

"Acha hilo," alisema. "Acha, nimekwambia."

Akaliacha. Mpiga rangi akatolewa nje kwa kuburutwa, furushi lake likamfuata. Gia Tano alirudi uani sikio linatona, kifua kinampanda na kushuka. Akaliona gari liko chini, jeki imeshushwa, spana imelala pembeni. Akakusanya vyombo vyake akavifunga kwenye turubai. Hakuangalia chaki. Kichwani alikuwa bado anampiga mpiga rangi.

Kesho yake asubuhi dada alikuwa na sare za shule sitini za kupeleka. Akachukua ufunguo wa gari, akavilaza viti, akazipanga sare, akaondoka. Kwenye mteremko wa kiwanda cha mbao usukani ulianza kumtetemeka mikononi. Akadhani ni barabara. Kisha akaona gurudumu linampita kwa upande wa kushoto, linaruka kwa furaha zake, na akapata muda wa kujiuliza ni mjinga gani huyo kapoteza gurudumu.

Gari likalala upande huo. Chuma kikala lami, cheche zikapanda mpaka kwenye kioo, usukani ukamzunguka na kumvunja mkono wa kulia katika sehemu mbili. Likagonga rundo la magogo, likapinduka mara moja, likasimama kwa matairi matatu. Kioo cha mbele kilimwingia usoni. Wapasua mbao walimtoa kupitia mlango wa nyuma, juu ya sare, na sare sitini za bluu zikawa za rangi nyingine.

Gia Tano alifika hospitali na aproni yake. Alimwona dada yake kitandani, uso umefungwa wote isipokuwa jicho moja na mdomo.

"Gurudumu lilichomoka," mdomo ukasema. "La mbele."

Hakuuliza swali la pili. Alitoka hapo akitembea, baada ya kona ya kwanza akawa anakimbia, na alipofika gereji Fundi alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, anakunywa chai.

"Kulikoni, mbona—" Fundi alisema.

Wili spana ilikuwa chini, palepale. Pigo la kwanza lilimpata Fundi begani, kikombe kikaruka. La pili lilikuwa linakwenda kichwani; Fundi akainua mkono wa kulia, na spana ikatua juu ya mifupa ya kiganja. Ililia kama paja linapopasuka chini ya shoka. Hakuna mtu katika mji ule aliyeijua sauti hiyo vizuri kuliko aliyepiga, naye alipoisikia akapiga tena palepale, Fundi akiwa ameshaanguka, mkono umekaa chini kama kitu kilichosahauliwa.

Wanaume wanne wakamrukia. Walimpiga kwa ngumi, kwa mateke, mmoja kwa mfuniko wa rejeta. Alikuwa chini, mdomo umejaa mchanga, alipopata nafasi ya kusema, "Hakukaza nati. Dada yangu yuko hospitali, hana uso."

Mateke yakasimama. Maneno hayo yakatoka gereji yakaenda sokoni, yakarudi yameongezeka: Fundi kaua mwanamke, Fundi kafunga nati amelewa, Fundi ambaye maisha yake yote hakuwahi kunywa kitu kikali kuliko chai. Kabla ya adhuhuri mawe yalikuwa yanaanguka juu ya bati. Wenye magari waliyaburuta magari yao nje, mengine hayana injini. Meza ya spana ilipinduliwa, vioo vya kijiofisi vikapukutika, na mtu mmoja, ambaye Fundi alimtengenezea gari wiki iliyopita, akaivunja redio ya Fundi kwa kisigino. Polisi walipokuja walimchukua Fundi, mkono umezungushiwa kitambaa cha kufutia oili. Gia Tano wakamwacha. Mkuu wa kituo alikuwa mteja wake wa maini.

"Hata sisi tuna dada," mkuu alisema.

Siku ya pili yake akaenda kituoni kulitazama gari lake. Lilikuwa uani, limeegeshwa juu ya matofali upande wa mbele kushoto, na gurudumu lililochomoka limeegemezwa ubavuni. Alilizunguka kama anavyolizunguka kila gari. Gurudumu la nyuma kulia: chaki tano. La nyuma kushoto: chaki tano, zimeingia vumbi lakini zinaonekana. La mbele kulia: tano. Akachuchumaa penye matofali. Studi mbili zilikuwa zimekatika, tatu zimebaki na hesi zake zimelika, na nati moja, moja tu, ilikuwa bado imeng'ang'ania ncha ya studi kwa uzi mmoja. Ilikuwa safi, haina chaki.

Alichuchumaa pale muda mrefu mpaka miguu ikafa ganzi. Akauona ua wa nyumba yake, jeki inashuka, dada mlangoni na tepu shingoni. Nati iliyokanyagwa na Fundi isingetoka yenyewe barabarani. Nati hizi alizilegeza yeye.

Hakuna mwingine aliyejua. Chaki ilikuwa lugha yake peke yake. Fundi hakuijua, polisi hawakuijua. Akalamba kidole gumba, akafuta mstari kwenye nati ya nyuma. Akafuta wa pili. Akafuta wa tatu.

"Unalisafisha la nini?" askari wa zamu alimwuliza kutoka kwenye kivuli. "Hilo limeshakufa."

Gia Tano akainuka, kidole kimekuwa cheupe. "Fundi yuko wapi?"

"Ndani. Kesho anapelekwa mahakamani. Mkono umevimba kama mkate, analalamika hatujampeleka hospitali. Leo ndiyo anajua kulalamika."

Alikwenda hospitali badala ya nyumbani. Alimwambia dada yake yote, tangu jeki mpaka kidole gumba, akitazama sakafu. Dada alisikiliza kwa lile jicho moja. Alipomaliza, dada alinyoosha mkono wa kushoto kwenye kimeza, akachukua kikombe cha chuma, akamtupia. Kilimpasua juu ya nyusi.

"Baba alikuwa anapiga kabla ya kuuliza," alisema. "Nikadhani nilikukinga."

Gia Tano hakujifuta.

"Nenda kaseme."

"Watanifunga, dada."

"Wakufunge. Nitakuletea chakula kwa mkono mmoja. Lakini mtu akioza mkono kwa uongo wako, usije kunitazama na uso huu ulioutengeneza. Nenda."

Alikwenda. Alisema mbele ya mkuu wa kituo, Fundi akiwa ameketi kwenye benchi, mkono wake umelala pajani, mweusi mpaka kwenye kiwiko. Aliwatoa wote mpaka uani akawaonyesha chaki zilizobaki na zile alizofuta. Mkuu wa kituo akakuna shingo.

"Una hakika? Faili lilikuwa limeshanyooka."

"Nina hakika."

Fundi alimsogelea. Mkono wake wa kushoto, ambao ulikuwa mzima, ukamkamata Gia Tano koo na kumsukuma mpaka kwenye mlango wa lile gari lililokunjika, vidole vikazama. Askari hawakuharakisha. Uso wa Gia Tano ulikwenda mwekundu, ukaenda wa kijivu. Hakuinua mikono. Kisha Fundi akamwachia, akahema.

"Umelegeza," alisema. "Nimekaza kwa kilo zangu zote, wewe ukaenda ukalegeza."

"Nililegeza."

Mambo ya sheria yalikwenda yanavyokwenda. Gia Tano alilala ndani siku sita, akatakiwa kuubeba mkono wa Fundi mpaka upone, dawa na daktari. Mkuu wa kituo alimwuliza Fundi kama anataka zaidi. Angeweza kumfunga mtu huyu mwaka na nusu.

"Nikimfunga, nani atafungua nati?" Fundi alisema. "Mkono wangu kauvunja yeye. Atakuja gereji kila siku akifunga bucha yake, awe mkono wangu mpaka huu utoke plasta. Na ukitoka, namdai kofi moja."

"Hapa hatuandiki makofi," mkuu alisema.

"Usiandike. Yeye anajua."

Basi wiki tisa Gia Tano alikata nyama asubuhi na kufungua injini mchana. Fundi alikaa kwenye tairi lake bovu, mkono mweupe kifuani, akimwendesha kwa ulimi. "Si hiyo, kumi na saba. Hujui kumi na saba? Ni ile unayoiogopa." Wateja walikuja mmoja mmoja, wakisimama mbali, na kila mmoja ilibidi aambiwe ukweli wa nati zile, na Fundi alikataa kumwambia, alikohoa tu na kumtazama muuza nyama. Gia Tano angejitokeza chini ya gari na kusema, "Ni mimi niliyelegeza. Fundi alikaza." Aliyasema maneno hayo mara thelathini, arobaini, mpaka yakawa hayana ladha. Mpiga rangi alipita mara mbili kuyasikia, na hakuwa hata na gari.

Waligombana bado. Siku moja waligombana kuhusu oili mpaka Gia Tano akatupa koleo likatoboa ukuta wa bati, naye mwenyewe akasimama pale, rangi imemtoka, akilitazama tundu kwa muda mrefu. Kesho yake Fundi aliomba asomewe maandishi ya kopo, yote, mpaka yale madogo. Lakini lilipokuja lori la mbao lenye nati kubwa kama ngumi, alimwamuru muuza nyama apande juu ya mpini wa spana. Gia Tano akakataa. Fundi akangoja. Gia Tano akapanda, akajirusha, nati ikasogea robo tu.

"Ongeza uzito," Fundi alisema. "Kula nyama yako."

Kila Fundi alipoinua mkono wa kushoto kujikuna, Gia Tano alifumba macho. Hilo lilimchosha kuliko kazi. Usiku alilala upande mmoja wa uso, asubuhi akaamka amekunja taya.

Plasta ilikatwa siku ya Jumanne. Fundi alikuja gereji mkono wazi, umesinyaa, ngozi inapukutika. Vidole viwili vya mwisho havikukunjika, na daktari alishasema havitakunjika. Wapasua mbao walikuwepo, mshona viatu alikuwepo. Dada naye alikuwepo, amekuja na mkongojo, uso una mistari kama ramani.

"Njoo," Fundi alisema.

Gia Tano akatoka chini ya gari, akafuta mikono, akasimama mbele yake. Akaweka miguu sawa. Hakufumba macho.

"Utumie wa kushoto," alisema. "Huo mzima."

"Nilidai la huu."

Fundi akaurudisha mkono nyuma mpaka bega likalia, akauleta. Lilikuwa kofi la mtu mgonjwa. Lilitua shavuni kwa vidole vitatu, viwili vikachelewa, na sauti yake haikufika barabarani. Fundi ndiye aliyeuma meno. Akaushika mkono wake kifuani, maji yakamjaa machoni, akainama kidogo mpaka maumivu yakapita.

Gia Tano alikuwa bado amesimama, shavu limegeuzwa. "Hilo si kofi," alisema. "Piga jingine. Piga la kweli, Fundi."

"Nilikudai moja."

"Halikuniuma."

"Hayo ni yako na mkono wangu." Fundi akajinyoosha. "Umelipa. Rudi chini ya gari, mwenyewe anangoja."